Albamu ya heavy metal tuliyopuria uwele kijijini, na kwa nini siwezi kuisikiliza hadi mwisho

Wakuu, salamu kwenu wote. Wanaonizidi umri, shikamooni, ingawa najua humu ndani hamfiki hata wa kujaza benchi.

Nimesoma ule uzi wa juzi wa albamu kali za heavy metal za wakati wote. Namba moja mmeweka ile yenye picha ya kiti kitupu katikati ya shamba lililoungua. Jina sitaji, wazee wa metal mmeshaijua. Mchangiaji mmoja akaandika kwamba asiyeipenda albamu ile hajui muziki, akalale.

Nilianza kumjibu palepale, nikaona comment inakuwa ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Bora nifungue uzi wangu.

Nitakachosimulia kimenitokea mimi na familia yangu. Nina meno machache na wajukuu wengi, sina cha kupata kwa kuwapa chai, yaani hadithi za uongo.

Albamu ile naipenda kuliko ninyi nyote. Na kila nikiiweka, ikifika wimbo wa tatu nazima.

Twendeni taratibu.

Sisi ni Wanyaturu wa Singida, upande wa Ihanja. Nilipokuwa mdogo hatukuwa na kijiji kama mnavyojua vijiji. Kila mzee alikuwa na tembe lake, zizi lake, mashamba yake yamemzunguka, na jirani wa karibu ukimwita inabidi upige kelele hasa. Baba yangu alipenda maisha hayo. Alikuwa mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi, na watu wakizidi watatu alikuwa anaaga.

Ikaja ile operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tukahamishwa pamoja na watu wa ng'ambo ya mbuga, ambao tulikuwa tunaonana nao mnadani tu. Tukapangwa kwa mistari, nyumba imeangaliana na nyumba.

Baba alijenga kwa shingo upande. Kibanda cha fito, udongo umerushiwa hovyo. Zizi hakujenga kabisa, alizungushia miiba tu. Ukimuuliza anasema, "Hapa tumelala njiani."

Mama yeye alikuwa na mawazo mengine. Kule kwetu alikuwa anatoka asubuhi kufuata maji, anarudi jua limeshakuwa kali, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Kijijini kilichimbwa kisima cha pampu. Mnaofungua bomba jikoni hamwezi kuelewa. Mama alikuwa anakwenda kisimani hata kama ndoo imejaa nyumbani, anapampu kidogo, anacheka mwenyewe.

Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kulikuwa na watu wawili, mmoja anataka kuondoka na mwingine anaomba Mungu wasiondoke. Mimi nilikuwa shule ya msingi, darasa la juu, shule iko jirani. Nilikuwa upande wa Mama, ila nani angeniuliza.

Sasa hiyo metal iliingiaje Ihanja?

Waliochimba kile kisima walikuwa na kijana mmoja wa kizungu, nywele hadi mabegani. Tulimwita Bwana Nywele. Kaka yangu mkubwa, Elia, alikuwa kibarua wake, wakapatana sana. Kazi ilipoisha, gari likiwa linaunguruma tayari, Bwana Nywele alimkabidhi Elia kisanduku: kinanda cha santuri cha kutumia betri, na sahani moja. Moja tu. Hatukuwahi kumsikia akiipiga, maana kule kambini kwake alikuwa na redio yake nyingine.

Baba aliangalia ile picha ya jalada, kiti na shamba lililoungua, akasema, "Huyu kijana kwao kuna njaa."

Betri zilizokuwa ndani zilikuwa zimechoka tangu siku hiyo. Na duka la kijiji kipindi kile, wakuu, ukiulizia betri muuzaji anakuangalia kama umeulizia ndege. Tukafanya kama kila mtu alivyofanya na betri za tochi: tunazipanga juu ya paa, zinakula jua tangu asubuhi, mchana zinakuwa na kanguvu kidogo.

Wimbo unaanza umesimama vizuri. Baada ya muda unalegea. Mwimbaji anashuka chini, chini kabisa, sauti ya dume linalolalamika zizini. Gitaa linajikokota. Ngoma inapiga DUM, unasubiri, unafikiri imekufa, halafu DUM.

Nawaambia ukweli wa moyoni, sijawahi kusikia kitu kizito namna ile, na sitasikia tena. Mimi na Elia tulikuwa tunakaa kivulini mbele ya kinanda. Kiingereza hatukujua, na hata mwenye kujua asingeambulia neno. Nilijua tu kwamba kuna mtu mkubwa sana mle ndani, na amechoka sana, na haachi kazi.

Nikawa shabiki hapo hapo. Fan wa kwanza wa metal wilaya nzima, hakuna wa kunibishia, maana hakuna mwingine aliyekuwa na sahani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na shamba la kijiji, la wote, tulilima uwele. Ukavunwa, masuke yakalundikwa kiwanjani yakangoja kupurwa. Kwa wadogo zangu mnaojua mashine tu: wanaume wanasimama mistari miwili wanaangaliana, kila mmoja na fimbo ndefu, masuke yako katikati. Mstari huu ukishusha, ule unainua. Anayekuangalia usoni ndiye mwenzako. Fimbo yake inatua ilipotoka kutua yako. Kinachowalinda ni wimbo. Mkipotezana kwenye wimbo, mtu anaumia.

Tatizo likawa hapo. Sisi tulikuwa na nyimbo zetu za kupuria, za taratibu, za ukoo kabisa. Watu wa ng'ambo ya mbuga nao walikuwa na zao, za haraka haraka. Hakuna aliyetaka kuimba wa mwenzake. Siku ya kwanza tukaanza na wetu, katikati wale wakaingiza wa kwao, mistari ikavurugika.

Elia alikuwa anaangaliana na jirani wa ng'ambo aitwaye Ntandu, mwanaume mmoja wa miraba minne, mchapakazi. Fimbo ya Ntandu ilishuka Elia akiwa bado hajainua. Ikampata chini ya kiwiko. Mlio wa mfupa tuliusikia mpaka sisi watoto tuliokuwa tunafukuza mbuzi.

Kiwanja kililipuka. Watu wetu wanasema amefanya makusudi. Watu wao wanasema kijana wenu amezubaa. Fimbo zilizokuwa za kupigia uwele zikaanza kuinuliwa kwa ajili nyingine. Mwenyekiti wa kijiji akasimama katikati huku kofia imemdondoka, anapiga kelele, "Ndugu zangu! Ndugu zangu!" Walimsikia kwa shida.

Elia aliungwa mfupa na mganga wa mifupa, akafungwa mabanzi. Jioni Ntandu alikuja kwetu kutoa pole, na kuku mkononi. Kwetu mgeni akija unampa kigoda, hata kama ni mtu uliyegombana naye. Baba hakumpa kigoda. Ntandu alisimama, kuku anapiga mabawa, mwisho akamwachia Mama kuku akaondoka.

Baba akasema maneno niliyokuwa nayaogopa kila siku. "Mkono wa Elia ukishika, tunarudi mahame."

Mahame, kwa wasiojua, ni pale ulipohama, boma lililobaki tupu.

Mama hakubishana. Aliketi na kibuyu chake magotini. Baadaye nikamsikia anasema polepole, "Baba Elia, mimi maji ya kule siyawezi tena."  Baba alikuwa haongei kwa ukali, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mtu mkali utamsubiri apoe. Baba alikuwa ameshapoa.

Kule kiwanjani uwele ukalala. Mchwa wakaanza, ndege wakaalikana. Mwenyekiti akaitisha watu tena na tena. Wanakuja, wanabishania wimbo, wanatawanyika. Jambo la aibu kabisa, chakula cha kijiji kizima kinaharibika kwa sababu ya wimbo.

Siku moja walikuwa wamekusanyika hivyo hivyo, mchana, mabishano yamepamba moto. Elia na mabanzi yake alikuwa amekaa pembeni na kinanda, betri zimetoka kuota jua. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya siku hizo zaidi ya kupiga ile sahani. Mama akaja na wanawake wenzake, wamebeba maji ya kunywa.

Akatua ndoo. Na mama yangu hakuwa msemaji wa mikutano. Akasema, "Sasa si mpurie ule wimbo wa Elia? Huo si wa kwetu wala si wa kwenu."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza, "Tupure uwele na jini?"

Mama akamjibu, "Jini huyo hana ukoo. Kwa hiyo hamtagombana naye."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, ila safari hii walikuwa wanacheka pande zote mbili kwa pamoja, na mwenyekiti hakuwa mjinga. Akaagiza pipa tupu liletwe, kinanda kikawekwa mdomoni mwa pipa ili sauti itoke. Wanaume wakachukua fimbo, wengine kwa utani tu.

DUM. Mstari huu ukashuka.

Kimya.

DUM. Mstari ule ukashuka.

Wakuu, ilikubali. Ilikuwa taratibu mno kiasi kwamba hata mlevi asingekosea. Kile kimya cha katikati kilimpa kila mtu nafasi ya kumwona mwenzake anainua. Na betri zilivyozidi kuchoka, na watu walikuwa wanachoka, wakaenda sambamba. Baada ya kitambo wanaume wakaanza kuvumisha lile gitaa kwa midomo iliyofumbwa, mmmm, mmmm, mpaka ardhi inatetemeka. Wanawake wakaanza kupeta. Kuna bibi alipiga kigelegele katikati ya solo, nami nawaapia hakuna remaster itakayopata kitu kama kile.

Baba alikuwa amesimama pembeni muda wote, mikono nyuma.

Ntandu hakuwa na mwenzake. Nafasi ya Elia ilikuwa wazi na hakuna wa upande wetu aliyetaka kusimama pale. Alikuwa anashusha fimbo mbele ya pengo.

Nikamwona Baba anakwenda mpaka alipo Elia. Akachukua fimbo ya Elia iliyokuwa imelala chini. Akaingia mstarini, akasimama uso kwa uso na Ntandu.

Watu hawakuacha kupura, ila kule kuvumisha kuliisha. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshika ungo na hapeti. Mimi nilijua kwamba fimbo moja ikikosea, iwe ya yule au ya huyu, kesho yake tunafunga mizigo, kama si jambo baya zaidi ya hilo.

Ntandu akashusha. Baba akainua. Baba akashusha. Ntandu akainua.

Wakaendelea. Upande ule wa sahani ukafika mwisho, sindano ikabaki inakwaruza, na Elia hakuthubutu kuigeuza. Hawakusimama. Mstari mzima uliendelea bila muziki, kwa ule mwendo ule ule, ngoma iko vichwani mwetu.

Jasho likawatoka. Hatimaye Baba akasema, bila kuacha kazi, "Ntandu, wewe unawahi."

Ntandu akajibu, "Kaka, wewe unachelewa."

Baba alicheka. Siyo sana, alitoa pumzi puani tu, lakini sisi tuliomjua tulijua ni kicheko. Watu wakarudi kuvumisha kwa nguvu mpya, na Mama akaanza kupeta kama anagombana na ule ungo.

Uwele ule ulikwisha wote, siku zilizofuata, kwa sahani hiyo hiyo.

Kuhusu mahame Baba hakusema tena chochote. Mkono wa Elia ulishika, tukangoja tusikie. Asubuhi moja aliondoka na mkokoteni na maksai, nikajua tunahama. Alirudi mchana na magogo ya zizi letu la zamani. Akachimba mashimo pale pale kijijini. Ntandu akaja na jembe lake akashika upande wa pili, hakuna aliyemwita. Mama aliwaletea maji ya kunywa.

Hiyo ndiyo albamu yangu, wakuu.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Miaka ikaenda, nikapata kazi ya ufundi Dar. Kuna mwenzangu karakana ile, mtu wa mjini, alikuwa na redio kubwa ya umeme na sahani nyingi. Nikaona lile jalada kwenye rundo lake. Nilishika kile kitu kama nimemwona ndugu. Nikamwambia, weka, weka haraka.

Akaweka.

Jamani.

Ilikuwa inakimbia! Gitaa jembamba, ngoma inapapatika, na yule mtu mkubwa aliyechoka amegeuka kijana mdogo anayepayuka. Nilimwambia mwenzangu mashine yake mbovu. Akasema ndiyo spidi yake. Nikabisha. Akaweka sahani nyingine ninazozijua za redioni, zote ziko sawa. Tuligombana kweli siku ile, nikaondoka bila kunywa chai.

Nilijiona nimeibiwa, na sikujua nimshitaki nani.

Na kwa kuwa Kiingereza nilikuwa nimeokota okota, nikaja kuyasikia na maneno. Hapa mashabiki wenzangu nisameheni. Albamu nzima ni mtu anayechukia watu. Anataka kila mtu aondoke, abaki peke yake kwenye kile kiti chake. Wimbo wa tatu, ule mnaousifia, anashangilia kwamba nyumba za jirani zimeungua. Ndiyo maana nazima hapo. Sisi ule ndio tuliokuwa tunamalizia nao kazi, watu wa pande mbili za mbuga, mabega yameloa.

Nimeinunua kwa kaseti, nikainunua kwa CD, sasa iko kwenye simu. Kila ikisafishwa inakuwa safi zaidi na inakuwa mbali zaidi na mimi. Mjukuu wangu alinionyesha kwamba simu inaweza kupunguza mwendo. Tukapunguza. Ikawa taratibu, ndiyo, lakini taratibu ya mashine, imenyooka mwanzo hadi mwisho. Haichoki.

Ile sahani yenyewe? Elia aliisahau juu ya paa pamoja na betri. Jua la Singida halina adabu, ilijikunja kama chapati. Tulijaribu kuinyoosha kwa jiwe, msinicheke.

Kwa hiyo wale mnaosema ni masterpiece, sibishani nanyi. Drums ni kali, production ya wakati ule ni ya kuvulia kofia. Ila mimi nikiisikiliza naona ni albamu nyingine iliyotengenezwa na watu wengine kwa jina lilelile. Naisifu nikiwa na kinyongo, na nikimaliza kinyongo naona haya, maana bila wale vijana nisingekuwa na chochote cha kusimulia. Walikuwa wadogo tu, wamejifungia mahali, wanaimba kwamba hawamtaki mtu. Nawashukuru. Nawashukuru sana, na pole yao, maana sidhani kama kuna aliyewahi kuwaambia kazi yao ilifanya nini.

Nilichojifunza ni kidogo. Msanii akishamaliza kazi, msikilizaji naye ana sehemu yake ya kumalizia, na wakati mwingine anamalizia vingine kabisa. Msimtukane mtu humu eti hajui muziki kwa sababu ameusikia tofauti na wewe. Hujui alisikilizia wapi, na nani alikuwa amesimama mbele yake.

Baba alifariki akiwa mzee kabisa. Siku zake za mwisho wajomba walikuja kupanga kumpeleka mahame, akalale na wazee wake, kama ilivyokuwa desturi. Sote tulijua ndivyo atakavyotaka, mtu aliyekuwa anaaga watu wakizidi watatu. Alikuwa amefumba macho, tukadhani hasikii.

Akasema, "Kule nitaongea na nani?"

Tulimzika kijijini. Kaburi lilichimbwa na watu wa pande zote mbili za mbuga.

Karibuni kwenye comments. Mwenye muziki aliousikia vibaya ukamkaa vizuri asimulie, na mzee yeyote wa Ihanja, Ikungi au Iguguno aliyewahi kuvumisha gitaa kwa mdomo huku ameshika fimbo ajitokeze, tujuliane hali.